Kumbukumbu za Kikao cha Alhamisi

Mimi ndiye karani. Jina langu halimo,
karani hajiandiki.
Kwenye karatasi tulianza saa tatu. Kwa kweli ilikuwa saa tano,
tukimsubiri mhandisi aliyekwama Nyawera
nyuma ya lori la mchanga,
mtu aliyekuja kutufundisha namna ya kutokwama.

Akafungua ramani. Ikafunika meza, ikatufunika na magoti.
Mstari mwekundu ulitoka Kavumu, uwanja wa ndege,
ukaambaa na ziwa, ukapita Bagira
kama mgeni anayesalimia bila kuingia,
ukateremka mjini, ukapanda hadi Essence,
ukakoma.
Hapo palikuwa na kiduara kilichopakwa rangi vizuri.
Baada yake Panzi, Mumosho, Nyangezi,
zote kwa nukta nukta.
"Awamu ya pili," akasema mhandisi.
Nikaandika: awamu ya pili.

Kadutu ilikuwa nyeupe.
Si weupe wa kufuliwa, ni weupe wa kukosa wino.
Mzee Cishugi wa Nyamugo akaweka kidole pale:
"Hapa nimezaa watoto saba. Basi lenu litapita hewani?"
Watu wakacheka.
Kicheko hakiandikwi.

Zihindula, wa chama cha waendesha pikipiki,
akasema dakika ishirini: matope,
mteremko wa Buholo unaotafuna breki,
vijana wanaolisha nyumba nzima
kwa magurudumu mawili na lita moja ya petroli.
Nikaandika: alitoa hoja.

Kisha M'Cibalonza, ambaye hakualikwa.
Aliegesha mlangoni mihogo iliyokosa mnunuzi,
alama ya mkanda ingali kwenye paji la uso,
mstari ambao mhandisi hakuuleta.
"Mumosho natoka saa tisa usiku," alisema,
"na bado jua linanitangulia sokoni.
Hiyo awamu ya pili nimeisikia.
Mgongo wangu mimi ni awamu ya ngapi?"
Mwenyekiti akatazama saa yake.
Kalamu ilikuwa na wino.
Sikuandika.

Saa moja jioni ikaja kura.
Mikono ikaanza kupanda
na umeme ukakatika.
Nikasikia nguo, kiti kikiburutwa, kikohozi,
mvua ikianza kujaribu mabati.
"Hesabu, karani!"
Nihesabu nini? Nikahesabu pumzi.
Nikasema: kumi na mmoja.
Taa iliporudi, mikono yote ilikuwa mezani,
imetulia kama sahani zilizooshwa,
na ile kumi na mmoja yangu imekwisha kukauka.

Nilisahau kusema: ninakaa Panzi.

Pikipiki ya mvua ni bei ya mvua, nikaenda kwa miguu.
Pale Essence, kwenye kiduara,
mama mmoja alichoma mahindi chini ya mwavuli uliovunjika mbavu.
Hakujua kwamba amekaa kwenye kituo cha mwisho.
Nikanunua hindi moja. Nikaanza kuhesabu.
Kutoka moto wake hadi mlango wangu
ni hatua elfu nne mia mbili na kumi,
na mbili za kuruka mtaro.
Hizi nimezihesabu kweli,
gizani, bila mtu wa kuniamuru.

Kesho nitapiga nakala safi. Mihuri mitatu,
moja kwa mkoa, moja kwa meya, moja kwa kabati.
Kwenye ukurasa wa nne, kati ya "alitoa hoja"
na "kura zikapigwa",
nimeacha nafasi, upana wa vidole viwili.
Mwenyekiti atauliza kama mashine imeharibika.
Sijui bado nitamjibu nini.
Ni nafasi ndogo. Lakini mtu mwenye mzigo,
akiinama,
anaweza kupita.