Daftari la Mwaloni

Mizani ya Kirumba haijui uongo,
uongo uko kwenye kidole kinachoigusa.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, karani wa magunia ya dagaa,
kalamu sikioni, magamba hadi kwenye vifungo vya blauzi,
nikijumlisha usiku kucha, nikikosea alfajiri,
na bosi Ndalahwa akilikata kosa kwenye ujira wangu.

Hasira ndiyo iliyonifundisha kompyuta.
Nisidanganye, haikuwa ndoto:
hasira, na shilingi elfu nane.

Simu ilikuwa na ufa kona hadi kona.
Masomo niliyapakua saa nane za usiku, bando likiwa rahisi,
Kiingereza chake nikikitafuna kama samaki mwenye miiba,
polepole, nisichokielewa nakitema pembeni ya sahani.
Chaji ikiisha nahamia kwenye daftari la mizigo:
kulia magunia, kushoto mistari ya programu, kwa penseli.
Kompyuta sikuwa nayo, basi nikawa yenyewe.
Kidole mstari wa kwanza, kidole mstari wa pili,
ikiwa mzigo umezidi, ruka; kama sivyo, rudi juu.
Mama aliamka akanikuta nainong'oneza karatasi.
"Nyanzobe, unamroga nani?"

Nilipoifikia kompyuta ya kweli, ya kukodi,
kibanda cha steshenari pale Mabatini,
programu ilikataa.
Siku tisa ilikataa.
Ya kumi nikaiona: nukta mkato moja,
ndogo kuliko jicho la dagaa,
haipo mahali ilipotakiwa kuwepo.
Nilicheka hadi mwenye kibanda akanidai
na dakika za kucheka.

Miaka sita baadaye, mkuu wa shule kule Igoma
aliniuliza cheti.
Nikamwekea daftari mezani.
Lilinuka. Alifungua dirisha kwanza, kisha daftari,
akasoma kurasa nne bila neno.
"Utajitolea," alisema. "Mshahara hatuna."
Kompyuta tano, moja imeng'oka herufi N,
wanafunzi hamsini na watatu.

Jumatatu ya pili umeme ukakatika.
Wakaanza kukusanya mabegi. Nikasema, kaeni.
Hapana, simameni. Twendeni nje, kwenye mawe.
Wewe Masalu ni kumbukumbu, shika kopo la kokoto.
Wewe Mbuke ni sharti: kokoto zikifika saba, piga makofi,
wote wasimame.
Waliobaki ni kitanzi, lizungukeni lile jiwe.
Si kitanzi cha kunyongea, jamani, acheni kucheka,
ni kama jicho la wavu: fundo lilelile, tena na tena,
mpaka wavu uishe.
Kila mzunguko, Masalu, tia kokoto mbili.

Wakazunguka. Mbili. Nne.
Vumbi likapanda mpaka kwenye soksi zao.
Sita. Nane. Kumi.
Mbuke ameinua mikono, viganja havijakutana.
Kumi na mbili.
"Mwalimu," akasema bila kuishusha,
"saba haipo njiani."

Nilisimama pale.
Kosa lilikuwa langu, zima, la mchana kweupe,
mbele ya watu hamsini na watatu.
Kwa mazoea nikasubiri mtu anikate ujira.
Ujira wenyewe haukuwepo.

"Hebu rudia," nilimwambia Mbuke, "sema kwa sauti,"
nikaanza kupapasa mfukoni kutafuta penseli,
na wale wengine, kwa kuwa hakuna aliyewasimamisha,
walikuwa bado wanalizunguka jiwe.