Upande wa Kwanza

Kiwandani tulikuwa wawili wa kusikiliza:
Bohumila upande wa kwanza, mimi upande wa pili,
ukuta wa kioo katikati, na hedifoni nzito
zilizotubana masikio hadi yakawa mekundu kama figili.
Kila santuri ya mia iliyotoka moto kwenye mashine
ililetwa kwetu. Sikiliza mkwaruzo, sikiliza kiputo,
weka alama ya penseli, lete nyingine.
Muziki haukuwa kazi yetu.
Kazi yetu ilikuwa dosari.

Lakini ile yenye jalada la kijivu,
fidla nne na mwanamke mwenye sauti ya moshi,
ile iliniingia. Majira yote ya baridi
niliusikiliza upande wake wa pili mara mia tatu na ushei,
nikarudi na basi la wafanyakazi, theluji magotini,
nikiuimba puani mbele ya sufuria ya kabichi.
Mume wangu Oldřich akauliza: huo wimbo unaanzaje?
Sijui, nikasema. Mimi naujua kuanzia katikati.

Mchana, kantini, Bohumila naye
aliimba vipande nisivyovijua. Tukacheka:
wewe kichwa, mimi mkia,
kiwiliwili kaliwa na nani?

Kiwanda kilifungwa. Mashine ziliuzwa kwa kilo.
Bohumila tumemzika Jumanne, manyunyu, watu kumi na mmoja.
Binti yake akanipa mfuko: mama alisema hii ni yako.

Sasa ni usiku. Nimeifuta vumbi kwa kitambaa cha miwani.
Mkono, kwa mazoea, umeshaiweka upande wa pili;
nikaigeuza, kama mtu anayefungua chumba cha mpangaji.
Na pale kwenye karatasi ya katikati, penseli yake:
*dakika ya nne, kikohozi. Ipite.*

Sindano ikashuka. Chakarachakara kidogo,
kama mafuta kabla kitunguu hakijaingia.
Fidla ya kwanza. Kumbe huanza peke yake.
Kumbe yule mwanamke hana huzuni mwanzoni,
kumbe anakaribia kucheka kabla ya neno la kwanza.
Miaka thelathini na moja nimemhurumia bure.

Dakika ya nne nikasogeza kiti.
Kikavu, kifupi. Mtu wa fidla ya tatu, labda,
akijaribu kukimeza.
Bohumila, ambaye kwa kiputo tu
alirudisha sahani kwenye tanuri,
alikisikia hiki akakiacha kiende zake
hadi kwenye nyumba zote zile.

Upande umeisha. Sindano inazunguka penye kimya.
Ule mwingine naujua.
Nikairudisha dakika ya nne.