Saizi Moja Juu

Chengo aliliviringisha kutoka dukani kwa kidole kimoja,
akaliegemeza mlangoni mwa pikapu.
Lilinifika kiunoni. Nikalipenda papo hapo:
meno mapana, mpira mweusi wa kunukia,
maandishi meupe ubavuni yasiyojua tope.

"Hili la gari la porini, Bi Tima."
"Na Utange mwezi wa tano ni wapi?" nikamjibu.

Hakuwapo Jumamosi ile.
Nimepakia sufuria tatu za pilau na moja ya mchuzi,
vifuniko nimevifunga kwa kanga,
na barabara imegeuka uji.
Magurudumu ya nyuma yakazunguka pale pale,
yakachimba, yakaoga, yakachimba tena,
ya mbele yamesimama yanatazama
kama wakwe waliokuja kukagua.
Vijana wakapandisha kanzu zao za arusi wakasukuma.
Pilau ilifika alasiri.
Hakuna aliyenilaumu.
Hilo ndilo lililoniuma.

Basi nilitaka urefu.
Nilitaka kupita juu ya dimbwi kama sikuliona.

Chengo akapiga jeki, akalifunga mbele, kushoto.
"Zungusha usukani mpaka mwisho."
Nikazungusha.
Krrr. Mpira ukalamba madigadi.
Akatoa chaki mfukoni, akatia alama palipoguswa.
"Upande wa pili."
Krrr. Chaki tena.

"Hapo uko mtupu," akasema.
"Ukipakia, springi zikilala, itakuwaje?
Ukate madigadi? Uinue bodi?
Na hii injini, ambayo ni mkubwa wa mwanao kwa miaka,
gia ya kwanza utaiona kama ya pili,
na daraja la Nyali utalipanda ukiliombea dua.
Tena hata ufunge matairi makubwa kama mwezi,
yanayosukuma ni yale yale mawili."

Nikanyamaza.
Barabara ya Makupa malori ya makontena yalikuwa yakipita,
vumbi lao likitua kwenye vikombe vyetu vya chai.
Mawili.
Nyumbani kwangu pia ni hivyo:
mimi na dada yangu Mishi twasukuma,
waliobaki wote ni matairi ya mbele,
kazi yao kukata kona.

Akalirudisha lile, akaleta jingine.
Halikuniita kwa jina kama la kwanza.
Saizi moja juu ya yale ya zamani, si zaidi,
unene wa kiganja changu kikilala.
Akalifunga. Nikazungusha kulia, nikazungusha kushoto.
Kimya.
Akapitisha vidole viwili kati ya mpira na bati,
kisha akaniambia nipitishe vyangu.
Vikapita, pete na yote.

"Ukienda Utange bila mzigo, tia magunia mawili ya mchanga
nyuma, juu ya ekseli. Tope linamheshimu mzito.
Ukikwama, punguza upepo kidogo, uondoke polepole.
Usimkanyage kwa hasira."

Nililipa nusu mkononi, nusu kwa simu.
Nilipokuwa nawasha gari akainama dirishani:
"Na mita itakudanganya kuanzia leo.
Ikisema sitini, wewe umepita sitini.
Ikisema umekwenda kilomita mia, umekwenda mia na kitu."

Sikumwambia kwamba hilo silo geni kwangu.
Miaka kumi na tisa napika arusi za watu,
naamka saa tisa za usiku kuosha mchele,
narudi na masufuria yamegandia ukoko,
na bado sijaona mita
iliyonihesabia safari zangu sawasawa.

Nimeenda Utange mara mbili tangu hapo.
Mara ya kwanza kulikuwa kukavu.
Mara ya pili nilipita, kwa shida, na mchanga wangu nyuma.

Alama mbili za chaki ziko bado madigadini.
Sijazifuta.
Mvua ina kazi yake.