Pembe ya Kibla

Mama hapandi tena ngazi.
Vidato kumi na saba, na kila kimoja
magoti yake yanakijua kwa jina.
Basi tukasema ashuke, akae chini,
katika ghala la babu lililonuka mbata na mafuta ya ufuta,
ambamo hata mtoto wa chuoni huingia ameinama
kama anayeomba radhi.

"Dari haipandi," alisema fundi Shekuwe,
akigonga boriti kwa fundo la kidole.
"Tushushe sakafu. Dhiraa moja na nusu."

Siku ya kwanza alichimba tundu moja tu,
akatia mkono chini ya ukuta hadi begani,
akautoa, akacheka bila sauti.
Ukuta mnene wa matumbawe, orofa mbili,
vizazi sita vya harusi na matanga,
ulikuwa umekaa juu ya shubiri moja ya mawe,
kisha mchanga mtupu.
"Nyumba hii haina miguu," alisema.
"Imesimama kwa mazoea."

Akachukua kaa, akaandika ukutani
moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu,
mpaka akalizunguka ghala lote.
Tutachimba chini ya moja, mbili na tatu zibebe.
Moja zikishakauka, zamu ya mbili.
Mwenye haraka, alisema, anunue hema.

Saruji aliikataa.
Akaroweka chokaa ya tanuu siku ishirini na moja,
akaifunika magunia kama mgonjwa wa homa.
Karisa, kijana wa Magarini, alilala ubavu chini ya ukuta,
nyumba nzima juu ya sikio lake,
akipenyeza jiwe baada ya jiwe.
Punda walitoa mchanga, safari arubaini kwa siku,
Mkomani nzima ikitulalamikia vichochoro.
Siku ya bamvua maji yakaingia bila hodi,
yakasimama kwenye kifundo cha mguu.
Shekuwe akaonja, akatema.
"Dhiraa moja. Hiyo nusu ni ya bahari."

Na Mama, huko juu,
aliweka bilauri ya maji sakafuni
akakaa kuitazama ikitetemeka.
Hakuuliza kitu. Wiki ya nne sasa.

Siku walipofika tatu ya pembe ya kibla
tukasikia bilauri imevunjika.
Akateremka, yeye, mwenye magoti yale,
kidato kwa kidato, kwa makalio,
leso imejaa vumbi jeupe.
"Hapo msitimbe," alisema. "Pana mwenyewe."

Karisa akatoka shimoni kinyumenyume.
Shekuwe akalaza sururu, taratibu,
kama kwamba ina usingizi.
Mimi ndiye niliyeuliza: nani?

"Nduguyo. Hakulia.
Babako alimzika usiku, ndani,
asinyeshewe.
Jina nilimpa mwenyewe, sikumwambia mtu."

Nikangoja alitaje.
Akaomba maji ya kunywa.

Pembe ile haikuchimbwa.
"Udongo usioguswa hautaki mguu,"
alisema Shekuwe, "wenyewe ndio mguu."
Akauzungushia kijiukuta cha matumbawe, kimo cha goti,
usije ukamwagika,
akakipaka chokaa mara mbili
kwa mkono, bila mwiko.

Sasa Mama anakaa chini.
Wageni huingia wakinyoosha shingo,
huona kile kibaraza cha pembeni, wakataka kukikalia,
naye huwavutia kiti: "Huku, huku kuna upepo."
Hakuna upepo wowote.

Juu ya pembe pana ufa, mwembamba kama unywele.
Shekuwe aliugandishia kipande cha kioo, akaniagiza:
ukuta ukitembea, kioo kitasema.
Kila Ijumaa naja kukitazama.
Mama huniacha niinuke, niguse, nirudi kukaa.
Kioo hakijavunjika.
Yeye naye, chai ikipoa mkononi,
bado hajalitaja.