Daftari la Fundi Nsimire

Ukurasa wa kwanza panya wamekula pembe,
lakini namba zinasomeka:
Nankafu, kiuno, sitini na sita.
Enzi hizo chai tamu ilikuwa ya Jumapili,
sukari ya Kiliba ndani ya karatasi ya gazeti,
kijiko kimoja, vinywa vitano,
na mayo ya kuogelea ilikuwa suruali ya kaka
iliyokatwa magotini.

Ukurasa wa arobaini: Nankafu, themanini na tisa.
Mkate mweupe asubuhi, soda mchana,
mandazi ya jirani usiku,
na mume anayejisifu Kadutu nzima
kwamba kwake hakuna mifupa.
Fundi akaongeza kitambaa,
akashona kisketi kuzunguka nyonga,
akakiita mtindo. Bukavu ikaamini.

Leo Nankafu amekuja na kichupa cha vidonge,
viwili kwa kikombe, daktari kaamuru.
«Utamu wa uongo,» anasema. «Lakini naunywa.»
Anataka mayo rangi ya chungwa, mgongo wazi.
Binti yake Cibalonza, aliyekonda kwa njaa ya makusudi,
anacheka mlangoni: «Mama, na tumbo hilo?»

Nsimire anazungusha utepe.
Kalamu iko sikioni; haishuki.
«Lastiki hii ni ya zamani,» anasema, «inavutika.»

Jumamosi, chini ya Nguba, maji baridi.
Nankafu anaelea chali, chungwa kubwa,
anapiga kelele kwa furaha.
Juu ya jiwe Cibalonza amevaa shati hadi magotini,
anahesabu biskuti alizokula jana.
Mbili.
Anarudia kuhesabu.