Utenzi wa Suti Iliyokaa Sawa

Jina langu Lali Kombo,
cherehani yangu chombo,
nishonaye kwa marembo
kanzu na suti Langoni.

Famau alinijia,
filamu aazimia,
mfukoni ana mia
sita, na deni dukani.

«Jasusi ataka suti,
na hela hazifuati,
kata japo kwa shuruti
pazia la ukumbini.»

Kitambaa kikaisha,
mikono sijafikisha,
Shekuwe akajivisha,
ikakoma viwikoni.

Kila akitoa chuma
suti hupasuka nyuma,
pumzi zikitukwama
kwa kicheko vifuani.

Tena jasusi wa Amu
kujificha ni vigumu:
watu humpa salamu
kwa jina la utotoni.

«Kitumbua, mbio zipi?
Na ndevu hizo za wapi?
Nyumbani mwala saa ngapi?
Nami ni wenu mgeni.»

Mbio za gari hakuna,
vichochoro vyabanana,
naye punda akaona
ganda la tikiti chini.

Akasimama, akala,
adui naye kalala
barazani kwa muhula
kumngoja kwa amani.

Hiyo ndiyo ya awali.
Ya pili ikaja ghali:
mfadhili wa hoteli
kamwaga pesa mezani.

Shuka mbili wakatanda,
umeme nao wakonda,
watoto juu wapanda
ukuta wa kiwanjani.

Suti ya ndege ikaja,
imenyooka, yangoja,
wala kwangu hawakuja
kupima hata shingoni.

Mtasema nina wivu,
fundi kavimba mashavu;
nikubali, lipo kovu,
ila ninyi sikizani.

Suti ikikaa sawa,
jasusi kaogopewa,
mzaha umeng'olewa
meno yote mdomoni.

Shekuwe amegundua
kwamba huchekesha; pua
aikunja, atulia,
makofi ayatamani.

Zamani alikimbia
kwa hofu, akijilia,
kama anayejutia
kuzaliwa duniani.

Punda naye kafutwa kazi,
boti nne za majuzi
zavuma, hatusikizi
neno moja sikioni.

«Kitumbua!» mara tisa;
ya kwanza ilitunasa,
ya tano kama ruhusa
ya kukimbia chooni.

Ule utamu wa kwanza
wazidisha, wauponza:
wenyewe wameuanza
mchanga kitumbuani.

Lakini haki ni haki:
Bi Zenabu hapimiki,
jambazi bila mikiki,
alitufunga kitini.

Ana duka la madawa,
hajaigiza, yu sawa:
mateka akiletewa,
«Kikohozi, tangu lini?»

Ampa dawa ya kunywa,
«Mara tatu,» aambiwa,
«ndipo uje kuuliwa,»
na risiti mfukoni.

Hapo nami nilicheka,
wivu wote ukatoka,
kofia ikadondoka,
ikalala mchangani.

Na siri kuu ya vita
kangani wameifita,
kila mke akipita
adhani ni ya jirani.

Matusi yakazagaa
mtaa hata mtaa,
nayo siri ikakaa
salama pale kambani.

Mwisho ukalipuliwa
na moto wa kuchorewa,
hoteli ikasifiwa
kwa dakika ishirini.

Famau kaniuliza:
«Fundi, imekupendeza?»
Kweli sikuitimiza,
uongo sikuubuni.

Nikamwambia: «Ya tatu
mrudishe punda wetu,
boti na zishike kutu,
na ganda liwepo chini.

Na suti? Pazia lipo,
bado liko papo hapo;
mikono niikatapo
sitafika viganjani.»