Nani, Nini, Lini

Kazi niliyopewa Dundee ni nyepesi kuisimulia:
kila mtu wa hospitali agusapo faili,
mfumo uandike nani, nini, lini,
kisha maandishi yapelekwe winguni
yasifutike tena, hata na mimi.

Wingu lenyewe si wingu. Ni ghala la bati
mahali fulani nje ya London, feni zikivuma,
na mlinzi, nadhani, anayekula mkate wake ndani ya gari.
Mawingu ya kweli ninayo dirishani:
ukungu wa bahari umepanda mto Tay tangu asubuhi,
umemeza daraja nguzo kwa nguzo,
na treni ya saa tisa imepita humo kama uvumi.

Lachlan, bosi wangu, anataka matukio yote.
"Hata kusoma tu?"
"Kusoma hasa," akasema, akiipuliza chai.
"Anayebadilisha huacha alama. Anayesoma hupita kama paka."

Basi nikatengeneza foleni. Matukio hujipanga,
mia kwa mia hufungwa furushi, furushi hutumwa,
na mtandao ukikatika hungoja, hutumwa tena,
na tena, mpaka ng'ambo ijibu: limepokelewa.
Nalipenda neno hilo. Nimetuma barua ngapi maishani
zisizojibiwa hata hivyo.

Saa ndiyo iliyonisumbua. Mfumo huandika 02:13;
kichwa changu, kilicholelewa Pangani,
hutoa sita kwanza, au huongeza, kisha husema
saa nane na dakika kumi na tatu.
Ndipo nikasikia, kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini,
ile nane iliyomo ndani ya usiku wa manane.

Usiku wa manane, basi, jina lilelile:
m.petrie. amesoma. faili 40771.
Jumatatu. Jumanne. Jumatano hakuwa zamu. Alhamisi.
Hakubadilisha, hakuchapisha, hakunakili.
Mara kumi na tisa, kama mshono.

Na faili limefungwa. Mwenyewe alikufa Novemba.

Siri ya mtungi aijuaye kata, nilifundishwa,
lakini kata yangu hii inajua tu imezama mara ngapi.
Ladha ya maji haijui.

Nikalifungua. Ruhusa nilikuwa nayo;
udaku pia nilikuwa nao, nisijidanganye.
Mzee wa miaka themanini na tatu,
aliwahi kufuma juti kiwandani. Safu ya jamaa: tupu.
Mstari wa mwisho, mwandishi Morag Petrie:
"02:13. Ameomba dirisha lifunguliwe. Nimefungua."
Baada ya hapo, weupe wa ukurasa.

Nilipolifunga, jina langu lilikuwa tayari njiani,
z.shekue, amesoma, 40771,
limelala chini ya lake,
na hakuna mkono wa kulirudisha.

Kesho yake nikamwambia Lachlan tuongeze safu ya nne: kwa nini.
Akaguna. "Watu watadanganya."
"Wadanganye. Angalau watakuwa wameulizwa."
Ripoti ninayotakiwa kuandika juu ya Morag
imefika aya ya pili, imekaa.

Jana nilikesha na skrini.
Saa nane na dakika kumi na tatu, huyo:
m.petrie. amesoma. 40771.
Na katika safu mpya, isiyokubali kuachwa tupu,
ameweka nukta.
Moja.

Niliitazama ikiingia foleni, ikifungwa furushini
pamoja na dawa za wodi ya tatu
na nywila ya daktari fulani aliyekosea mara mbili,
ikaondoka.
Kule wakajibu kama wanavyojibu yote:
limepokelewa.

Nikainuka kufungua dirisha.
Lilikwama kidogo, rangi ikabanduka vidoleni,
kisha likakubali.